Kwa nini moshi wa Kibirizi hugeuka usiku

Ukitaka kuusoma upepo wa Kigoma huhitaji mtambo wowote. Nenda mwalo wa Kibirizi saa kumi alasiri, siku isiyo na mawingu mazito, utafute jiko moja la kuni la mama anayekaanga migebuka, kisha keti uutazame moshi wake. Utaukuta umelala kuelekea nchi kavu, kwenye vilima, kana kwamba ziwa linaupuliza. Usiondoke. Jua la Kigoma huchelewa kuzama kuliko la Dar es Salaam; huingia nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja jioni. Likishaingia, moshi uleule huanza kusitasita. Husimama wima kama mlingoti kwa muda, huyumba huku na huku, na ikifika saa mbili au saa tatu usiku, kwenye mwanga wa taa, utauona umelala upande wa pili, unaelekea majini. Jiko halijahamishwa. Upepo ndio uliogeuka.

Wavuvi wa dagaa hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Hutoka jioni na taa zao, na usiku kucha upepo wa nchi kavu huwa mgongoni mwa anayekwenda kilindini. Asubuhi ikishachangamka, upepo wa ziwa huanza kuvuma na kuwasindikiza waliochelewa kurudi. Enzi za kasia na tanga, kuijua saa ya mgeuko huo kulikuwa sehemu ya kuijua kazi. Siku hizi mashine za boti zimepunguza utegemezi, lakini mawimbi bado yanafuata ratiba ileile.

Nimekua nikiuona mgeuko huu, na kwa miaka mingi nilidhani ni tabia ya ziwa letu tu. Sivyo. Kinachougeuza moshi wa Kibirizi ndicho kilichozileta jahazi za Uarabuni na Bara Hindi kwenye pwani ya Waswahili kwa karne nyingi, ndicho kinachoikausha Sahara, na ndicho kinacholeta mvua ya kwanza Tabora wakulima wa tumbaku wakiwa wanaangalia juu kwa wasiwasi. Tofauti ni ukubwa, pamoja na jambo moja zaidi nitakalolifikia: dunia inazunguka.

Swali la mpwa wangu

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jioni moja alikuja na daftari la jiografia, akaniamkia, akaketi, kisha akaniuliza: "Mjomba, mwalimu anasema hewa ya moto hupanda juu. Sasa kama hewa ya moto ndiyo inayokwenda juu, mbona juu ya mlima kuna baridi?"

Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko jibu lililomo daftarini. Daftari lilisema tulichoandikiwa sote shuleni: hewa ya moto hupanda, hewa ya baridi huja kuchukua nafasi yake, na huo ndio upepo. Si uongo. Lakini ni sawa na kusimulia safari ya treni kwa kusema iliondoka Tabora ikafika Kigoma. Stesheni zote za katikati zimeachwa, na humo ndimo ilimo hadithi yenyewe. Stesheni iliyoachwa inaitwa mgandamizo wa hewa. Redioni huutaja karibu kila utabiri wa hali ya hewa, na wengi wetu tunaupita kama tunavyopita tangazo la biashara.

Mgandamizo wa hewa ni uzito wa hewa iliyo juu yako. Basi. Evangelista Torricelli, Mwitaliano aliyefanya jaribio la zebaki kwenye bomba la kioo mwaka 1643, aliandika mwaka uliofuata kuwa sisi tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Mtu wa Ziwa Tanganyika anaweza kulielewa hilo haraka kuliko mwingine. Anayepiga mbizi hapa anajua masikio yanavyobanwa kadiri anavyoshuka, kwa sababu maji yaliyo juu yake yanaongezeka. Sisi tulio nchi kavu tuko katika hali hiyohiyo, ila maji yetu ni hewa na tumezaliwa humo, kwa hiyo hatuhisi.

Na hewa si nyepesi kama inavyodhaniwa. Usawa wa bahari, uzito wake ni kama tani kumi juu ya kila mita moja ya mraba. Wataalamu hupima kwa hektopaskali, na kipimo cha kawaida cha usawa wa bahari ni 1013. Ziwa Tanganyika liko juu ya bahari kwa mita 770 na kitu, kwa hiyo ufukweni Kigoma tumeshaacha sehemu ya hewa chini yetu, na kipimo hucheza kwenye 925 hivi. Tabora, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, ni karibu 880. Simu nyingine za mkononi zina kihisi cha kupima mgandamizo. Yangu inacho, na nikipanda kutoka bandarini kwenda Mwanga naiona namba ikishuka yenyewe, hektopaskali moja kwa kila mita tisa hivi za kimo. Mwaka 1648 Blaise Pascal alimtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme kule Ufaransa na bomba la zebaki ili kuthibitisha jambo hilohilo. Leo bodaboda anaweza kulithibitisha akiwa na abiria.

Hapo linazuka jambo lililonisumbua mimi mwenyewe kwa muda mrefu. Kama hewa hukimbia kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, na Dar es Salaam ina 1013 huku Tabora ikiwa na 880, mbona hakuna tufani la kudumu linalovuma kutoka pwani kupanda bara? Tofauti hiyo ni kubwa mno. Kimbunga Tip cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1979, kilipimwa hektopaskali 870 katikati yake, kipimo cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa usawa wa bahari. Tabora ina karibu namba hiyo kila siku, na watu wanaanika mahindi uani bila wasiwasi.

Jibu ni kwamba tofauti ya Dar es Salaam na Tabora ni ya kwenda juu, si ya kwenda kando. Mgandamizo wa chini huisukuma hewa juu, ndiyo, lakini uzito wa hewa yenyewe huivuta chini kwa kiasi kilekile. Nguvu mbili zinalingana, hakuna kinachosogea. Kwa upande wa kando hali ni nyingine: hakuna uzito wa kuizuia. Tofauti ndogo tu kati ya sehemu mbili zilizo kimo kimoja inatosha kuitikisa hewa, kwa kuwa haina kinachoipinga isipokuwa msuguano wa ardhi. Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa kabla ya kulinganisha vituo huvikokotoa vyote kana kwamba viko usawa wa bahari. Wakishafanya hivyo, Tabora na Dar es Salaam hutofautiana kwa hektopaskali chache tu, na hizo chache ndizo zinazozaa upepo.

Unga wa maandazi

Sasa turudi ufukweni Kibirizi, saa mbili asubuhi. Joto la mchanga na la maji halijaachana sana. Chukua kwa fikra nguzo mbili za hewa, moja imesimama juu ya nchi kavu, nyingine juu ya ziwa, zote zina uzito sawa. Hakuna upepo, au upo wa kubembeleza tu.

Jua linapanda. Kina mama wanaoanika dagaa wanajua kinachofuata kupitia nyayo: ikifika saa sita mchanga haukanyagiki, nao hukimbilia mahali penye kivuli au huvaa ndala. Hatua kumi tu kutoka hapo, maji yako vilevile kama alfajiri. Sababu ni kadhaa. Kilo moja ya maji inahitaji joto zaidi ya mara nne ya lile linalohitajiwa na kilo moja ya mchanga mkavu ili ziongezeke nyuzi moja. Mwanga wa jua huzama ndani ya maji mita nyingi, ilhali kwenye mchanga huishia juu ya ngozi. Tena mawimbi huyakoroga maji na kuligawa joto chini. Kwa hiyo uso wa Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 25 hadi 27 hivi sehemu kubwa ya mwaka, mchana na usiku, wakati ardhi iliyo kando yake inapanda na kushuka kila siku.

Mchanga unaipasha joto hewa iliyo juu yake. Hewa ikipata joto hutanuka. Fikiria unga wa maandazi uliotiwa hamira na kuachwa kwenye bakuli karibu na jiko. Hujaongeza unga hata kijiko kimoja, uzito wake ni uleule, lakini umevimba na kuuzidi ukingo. Ndivyo nguzo ya hewa ya nchi kavu inavyokuwa: haijaongezeka uzito, imeongezeka urefu.

Hapa ndipo penye stesheni iliyorukwa na daftari. Kwa kuwa nguzo imevimba, pale juu, tuseme mita mia kadhaa kutoka ardhini, kuna hewa nyingi zaidi juu ya nchi kavu kuliko ilivyo kwenye kimo hichohicho juu ya ziwa. Kimo kimoja, uzito tofauti. Kwa hiyo mwendo wa kwanza hutokea huko juu, mahali ambapo hakuna moshi wa kutuonyesha: hewa inamwagika kutoka upande wa nchi kavu kwenda upande wa ziwa, kama unga ulioumuka unavyomwagika ukingoni. Ikishamwagika, sasa nguzo ya nchi kavu imepoteza kitu kweli, na uzito wake chini umepungua. Nguzo ya ziwa imepokea, uzito wake umeongezeka. Ni hapo tu ndipo hewa ya chini, ile inayogusa nyuso zetu, inaposukumwa kutoka ziwani kuja ufukweni. Moshi unalala kuelekea vilima.

Tofauti inayofanya kazi yote hiyo ni ndogo ajabu, mara nyingi haizidi hektopaskali moja kati ya ziwani na bara. Ni sawa na utakayoikuta ukipanda ghorofa tatu. Lakini, kama nilivyosema, iko kando na haina wa kuizuia.

Na swali la mpwa wangu? Hewa ya moto hupanda kweli, ila haifiki juu ikiwa na moto wake. Kadiri inavyopanda mgandamizo unaoizunguka unapungua, nayo inatanuka, na kutanuka ni kazi inayogharamiwa na joto lake lenyewe. Hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja, mpaka unyevu uliomo uanze kuganda kuwa wingu. Kila fundi baiskeli anajua kinyume chake: ukipampu tairi, pampu inapata moto mkononi kwa sababu hewa inabanwa. Bonyeza vali ya tairi lililojaa uitoe hewa, utaihisi ya baridi. Nilimpa mpwa wangu pampu akajaribu yeye mwenyewe, na naona alikumbuka zaidi kuliko maneno yangu yote.

Usiku mchezo unageuka. Ardhi inapoteza joto lake upesi, ziwa linabaki vuguvugu. Nguzo ya nchi kavu inasinyaa, ya ziwa inabaki ndefu, na hewa ya juu inamwagika kuelekea bara huku ya chini ikirudi majini. Kigoma tuna nyongeza: vilima. Hewa iliyopoa kwenye miteremko huwa nzito na hutiririka kushuka kama maji ya mvua, ikiongeza nguvu ya upepo wa usiku. Upande wa Kongo nako milima inafanya vivyo hivyo. Pepo mbili zinakutana katikati ya ziwa, hazina pa kwenda isipokuwa juu, na katika miezi yenye unyevu hapo ndipo radi za alfajiri huzaliwa. Mvuvi anayeona mwako wa radi katikati ya ziwa saa kumi usiku, huku mjini nyota zinaonekana, anashuhudia mahali pepo mbili za nchi kavu zilipogongana.

Jiko kubwa liko ikweta

Ukiuelewa mchanga na maji, umeshapata sehemu kubwa ya dunia. Jua halipashi dunia sawasawa. Kigoma, karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kule karibu na ncha mwanga uleule unaangukia ardhi kwa kulala, unatandazwa juu ya eneo pana, unakuwa hafifu. Ukanda wa ikweta ni mchanga wa saa sita. Ncha ni maji. Hewa ya ikweta inavimba, inapanda mpaka kilomita 16 hivi, na huko juu inamwagika kaskazini na kusini. Chini unabaki ukanda wa mgandamizo mdogo unaoizunguka dunia nzima.

Edmond Halley, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, alichora ramani ya pepo za bahari za tropiki mwaka 1686 na akasema chanzo chake ni joto la jua. Alipatia hapo. Kilichomshinda ni kwa nini pepo hizo haziji moja kwa moja kutoka kusini na kaskazini, bali hukatisha: kusini mwa ikweta hutoka kusini-mashariki, kaskazini mwake hutoka kaskazini-mashariki. Jibu lilitolewa mwaka 1735 na George Hadley, mwanasheria wa London.

Kulielewa jibu la Hadley, panda boti. Ziwani kuna boti mbili zinakwenda upande mmoja, mashariki tuseme, sambamba. Moja inakwenda polepole, nyingine kasi. Wewe uko kwenye ya polepole, na mwenzako kwenye ya kasi anapopita ubavuni kwako unamrushia mkungu wa ndizi, umemlenga yeye hasa. Hautamfikia. Mkungu uliondoka mkononi mwako ukiwa na mwendo wa boti yako, mdogo. Boti yake imeshasonga mbele, na mkungu unaangukia nyuma ya alipo. Yeye ataapa kuwa uliurusha kwa kupindisha.

Dunia inazunguka kwenda mashariki, lakini si kila mahali kwa mwendo mmoja. Ikweta inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kigoma ni pungufu kidogo tu, 1,660 na ushei. Durban, Afrika Kusini, karibu nyuzi 30 kusini, ni kama 1,450. Hewa inayoondoka usawa wa Durban kuja ikweta ni mkungu wa ndizi: inafika kwenye ardhi inayokwenda mashariki kwa kasi kuliko yenyewe, inaachwa nyuma, na sisi tuliosimama juu ya ardhi hiyo tunaiona kama inakwenda magharibi. Ndiyo hiyo pepo ya kusini-mashariki. Hesabu iliyokamilika zaidi ilikuja karne moja baadaye, mwaka 1835, kutoka kwa Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliyekuwa akichunguza mashine zinazozunguka: kusini mwa ikweta kila kinachosafiri masafa marefu hupindwa kushoto kwake, kaskazini hupindwa kulia.

Nguvu hiyo ni sifuri ikweta na huongezeka kadiri unavyokwenda kwenye ncha. Kigoma ni dhaifu sana. London ni kama mara tisa zaidi. Kwa hiyo upepo wetu wa ziwa, wa saa chache na kilomita chache, huja karibu moja kwa moja bila kupindwa. Ndiyo sababu pia vimbunga vikubwa havizaliwi ndani ya nyuzi tano hivi za ikweta: hewa inayokimbilia penye mgandamizo mdogo haipati msokoto wa kuifanya izunguke. Pwani ya Tanzania ilipotishwa na Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, kilikuwa kimejiumba kusini zaidi baharini. Ukiona kisulisuli cha vumbi Tabora mwezi wa tisa usikidhanie kuwa mtoto wa kimbunga. Hicho kinazaliwa na ardhi yenye joto kali, na mzunguko wa dunia hauhusiki. Ndiyo maana vingine huzunguka kulia, vingine kushoto.

Turudi kwenye hewa iliyomwagika huko juu. Inaelekea ncha, inapoa, inapindwa, na ikifika karibu nyuzi 30 inakuwa imelundikana na kuanza kushuka. Hapo uzito wa hewa chini unaongezeka. Nasisitiza hili kwa kuwa vitabu huliacha gizani: mgandamizo mkubwa wa nyuzi 30 hautokani na baridi. Sahara haina baridi mchana. Unatokana na hewa iliyolundikwa na kubanwa ikishuka. Na hewa inayoshuka ni kama ile ndani ya pampu: inapata joto, mawingu yanayeyuka, mvua haipatikani. Angalia ramani uone majangwa yalivyojipanga karibu na mstari huo, Sahara na Uarabuni upande wa kaskazini, Kalahari na katikati ya Australia upande wa kusini. Kutoka kwenye malundo hayo hewa ya chini inarudi ikweta, na hizo ndizo pepo za biashara.

Sehemu nyingine ya hewa hiyo inaelekea ncha na kupindwa kuwa pepo za magharibi, zile zinazotawala Ulaya na bahari iliyo kusini mwa Afrika Kusini. Huko ndiko inakokutana na hewa ya baridi kutoka ncha, karibu nyuzi 60, na kuzaa ukanda mwingine wa mgandamizo mdogo. Ni eneo la dhoruba na fujo, na halituhusu sana sisi.

Lundo linalotuhusu liko Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Madagaska. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huliita mgandamizo mkubwa wa Mascarene. Lenzake la Atlantiki huitwa St. Helena. Mtangazaji akisema Mascarene umeimarika, anasema lundo limekuwa zito, na hewa inayokimbia kutoka huko itakuja kwa nguvu. Mwezi Juni hadi Agosti jua liko kaskazini, na ukanda wa mvua wa ikweta unalifuata huko. Pepo za kusini-mashariki zinavuka Tanzania yote. Zikifika kwetu zimekwisha kupanda nyanda za juu na kuuacha unyevu wake njiani, kwa hiyo Tabora na Kigoma ni kiangazi, anga ya buluu, vumbi. Jua likirudi kusini, ukanda wa mvua unarudi nalo. Kuanzia Novemba pepo kutoka magharibi, zilizopita juu ya misitu ya Kongo, zinapata nafasi ya kuingia zikiwa na unyevu. Tabora inapata mvua.

Na bado sijataja Asia. Bara hilo ni mchanga wa Kibirizi uliokuzwa. Kiangazi cha kaskazini kikifika, India na Uarabuni zinapata moto kuliko Bahari ya Hindi, nguzo ya hewa inavimba, mgandamizo unashuka, na upepo wa kusini-mashariki unavutwa kuvuka ikweta. Ukishavuka, unaanza kupindwa kulia badala ya kushoto, na unaingia India ukitokea kusini-magharibi na mvua zake kubwa. Miezi sita baadaye Asia imepoa, lundo la hewa nzito limekaa juu ya Siberia, na upepo unageuka kuja kwetu. Ni moshi uleule, ila mchana wake una miezi sita na usiku wake miezi sita. Wazee wa pwani waliziita kusi na kaskazi, na jahazi ziliishi kwa ratiba hiyo. Kutoka pwani misafara ikapanda Tabora mpaka Ujiji. Kisha lugha yetu ikafanya jambo ninalolipenda sana. Kusini ni kusi pamoja na -ni, kaskazini ni kaskazi pamoja na -ni. Tunapotaja upande wa dunia tunataja mahali upepo unapotoka.

Kusi ikilisukuma ziwa

Upepo wa dunia ukifika Ziwa Tanganyika unakuta mfereji wa karibu kilomita 670, mwembamba, umekaa karibu kaskazini na kusini. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi inavuma kwa urefu wa ziwa na kuyasukuma maji vuguvugu ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu ya Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi, yakiwa yamebeba virutubisho vilivyokuwa vimezama. Virutubisho vinalisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, hiyo inaliwa na viumbe vidogo, hao wanaliwa na dagaa, na dagaa wanaliwa na migebuka. Kusi ikilegea Septemba, maji vuguvugu yanarudi kusini, yanapitiliza, yanarudi tena kaskazini, kama maji ya beseni lililotikiswa; ila beseni hili ni kubwa hivi kwamba kwenda na kurudi mara moja huchukua wiki tatu hadi nne, na mtikisiko unaendelea kwa miezi. Mpaka kati ya maji ya moto na ya baridi unapanda na kushuka mita nyingi chini ya mitumbwi, na juu ya maji huoni chochote.

Tafiti mbili zilizotoka mwaka 2003 zilionyesha kuwa ziwa limepata joto, na kwamba maji ya juu yakiwa ya moto zaidi huwa mepesi zaidi, hivyo upepo hupata taabu kuyachanganya na ya chini. Upepo uleule unafanya kazi pungufu. Kwa watu ambao kitoweo chao, ada za shule na mabati ya nyumba zao hutoka kwenye dagaa, sioni habari ya hali ya hewa iliyo nzito kuliko hiyo.

Ukija Kibirizi mwezi wa saba, jaribio langu la moshi litakuchanganya. Mchana upepo wa ziwa unajaribu kupanda vilima kama kawaida, lakini kusi inavuma kinyume chake, na moshi wa yule mama unalala nusu nusu, unapinda, unajikunja juu ya karai. Usiku pepo hizo mbili zinakuwa upande mmoja. Upepo wa nchi kavu unatoka vilimani, kusi inauongezea nguvu, na hapo moshi haulali tu, unakimbia chini chini juu ya mchanga na kuingia majini. Wavuvi hufunga mitumbwi kwa kamba ya pili.